Kava ni ndugu wa tambuu, si wa miraa

Shangazi yangu alinijia baada ya Ishaa, simu mkononi, buibui hajavua. Mwanawe anafanya kazi ya ghala mjini Brisbane, Australia, na siku hiyo alikuwa amemtumia picha. Watu sita wamekaa mkekani, katikati pana bakuli kubwa la mbao lenye miguu, na ndani ya bakuli maji ya rangi ya matope. Chini ya picha kijana ameandika: "Mama, leo nimekaribishwa kava na jamaa wa Fiji."

Shangazi alikuwa amesikia redioni kwamba kava ni "aina ya miraa inayotumika visiwa vya Pasifiki." Kichwani mwake, basi, mwanawe alishakuwa mla miraa ughaibuni. Kwa mama wa Mji wa Kale wa Mombasa aliyeshuhudia muguka, majani ya kutafuna, ukiwakausha vijana wa mtaani kwake, hilo si jambo la kulala nalo.

"Niambie kweli, baba," aliniuliza. "Kijana ameshapotea?"

Nikamwomba kijaluba chake. Shangazi hatoki bila kijaluba: jani la tambuu, popoo iliyokatwakatwa, chokaa, na katu kidogo. Nikachukua jani moja, nikalipangusa maji, nikaliweka kando ya picha ya mmea wa kava niliyoitafuta kwenye simu. Majani yote mawili yana umbo la moyo. Yote mawili mishipa yake inaanzia pale jani linaposhikana na kikonyo, inapinda kufuata ukingo, kisha inakwenda kukutana nchani. "Hili lako na lile lao ni ndugu," nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mamake.

Kosa halikuwa la shangazi. Ukifuatilia habari za mimea inayobadilisha hali ya mtu utaikuta kava imetupwa kapu moja na miraa, na jani la Asia liitwalo kratom, na mara nyingine hata na bangi. Naelewa inavyotokea. Mwandishi ana aya mbili za kueleza kitu ambacho msikilizaji wake hajawahi kukitia machoni, kwa hiyo anatafuta kinachojulikana na kufananisha. Kufananisha si kosa, ndivyo tunavyofundishana. Tatizo ni kwamba taarifa ya kwanza husema "ni kama miraa", ya pili hulidondosha lile "kama" njiani, na ya tatu ikifika Mombasa imeshakuwa "ni miraa".

Tuanze na nasaba, maana hapo pana uhakika. Kava kitaalamu ni Piper methysticum. Neno la kwanza, Piper, ndilo jina la jenasi yenye pilipili manga tunayotia kwenye pilau, na ndilo la tambuu, Piper betle. Ila kwa kava kinachotakiwa ni mzizi, jani halinywewi. Mmea huachwa ardhini miaka mitatu hadi mitano, kisha hung'olewa, mizizi ikaoshwa, ikatwangwa mibichi au ikaanikwa na kusagwa, halafu ikakamuliwa ndani ya maji baridi kwa kitambaa, vile vile tunavyokamua tui. Hakichachushwi kitu, kwa hiyo pombe haimo. Kilichomo ni kemikali ziitwazo kavalaktoni, na sita kati yake ndizo zinazobeba karibu kazi yote. Mnywaji kwanza huhisi ulimi na midomo ikifa ganzi. Baadaye misuli hulegea, wasiwasi hupungua, na akizidisha husinzia pale pale alipokaa.

Miraa ni Catha edulis, ukoo mwingine kabisa, na kinacholiwa ni vichipukizi, majani machanga na ganda laini la vijiti. Kemikali yake kubwa ni kathinoni, ambayo kwa umbo na kwa kazi iko karibu na amfetamini: moyo huenda mbio, njaa hukatika, usingizi hukimbia, maneno huwa mengi. Kathinoni haina subira. Kijiti kikishakatwa huanza kugeuka kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo, na baada ya siku mbili tatu mzigo umekufa. Ndiyo sababu miraa ya Meru hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani kwa mwendo unaotisha watu wa njiani. Mzizi wa kava uliokauka vizuri hukaa guniani miezi na miezi, hakuna anayeukimbiza.

Yaani moja humwamsha mtu, nyingine humlaza. Daktari wa zamu akiambiwa "amekula kitu kama miraa" kuhusu mtu aliyekunywa kava, ameelekezwa kinyume.

Halafu kuna kratom, jina ambalo vijana wetu wanakutana nalo mitandaoni siku hizi. Kratom ni Mitragyna speciosa, mti wa Kusini Mashariki ya Asia, Thailand, Malaysia, Indonesia, na ukoo wake ni ule wa mbuni, mti wa kahawa. Jani lake lina mitrajinini, ambayo hushika mwilini zile sehemu zinazoshikwa na afyuni na morfini. Hapa uraibu mkali na dalili za kuacha ni mambo yanayojulikana. Sasa, huko Marekani kuna mabaa yanayoitwa ya kava ambayo huuza kava na kratom kaunta moja, na kuna vinywaji vya chupa ndogo vilivyochanganya vyote viwili. Mtu akanywa vichupa hivyo kila siku mpaka akashindwa kuviacha, habari yake ikatoka kwamba ni "mraibu wa kava". Hiyo ni sawa na mtu aliyekunywa chai iliyotiwa pombe, akalewa, watu wakaandika kwamba majani ya chai yanalevya.

Majina nayo yamechangia. Kava kwa Kitonga ni uchungu. Samoa huiita 'ava, Hawaii 'awa, Fiji yaqona. Ukienda Croatia ukaagiza kava utaletewa kahawa, kwa kuwa neno lao, kama letu, limezaliwa na qahwa ya Kiarabu. Hispania wana divai yao ya mapovu iitwayo cava. Sisi wenyewe tuna kawa, lile la ukindu la kufunikia sinia. Na Waingereza huandika miraa kama khat, neno fupi linaloanza na sauti ile ile. Mtu anayesikia kwa haraka ana mengi ya kumpoteza.

Lakini jina lililoleta hasara kubwa ni lile la kitaalamu. Georg Forster, kijana aliyesafiri na Kapteni James Cook katika safari yake ya pili, ndiye aliyeupa mmea huu jina Piper methysticum, lililochapishwa mwaka 1786. Methysticum ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake ni kinacholevya. Forster aliona watu wanakunywa pamoja na kulegea, naye alitoka Ulaya, ambako watu wakikaa pamoja wakanywa wakalegea, ni pombe. Akaipa kava jina la ulevi, na ulevi ukabaki cheti chake cha kuzaliwa. Mpaka leo Fiji, wakizungumza Kiingereza, huiita kava "grog", neno la mabaharia la ramu iliyotiwa maji.

Sasa nifike mwaka 2002, ambao kwangu ndio moyo wa jambo lote.

Miaka ya 1990 kampuni za dawa za Ulaya ziliichangamkia kava kama dawa ya kupunguza wasiwasi. Badala ya kukamua mzizi kwa maji, zikatoa zile kavalaktoni kwa ethanoli au asetoni, zikazikusanya kwenye tembe na kuziuza kama dawa ya mitishamba. Kisha ripoti zikaanza kutoka Ujerumani na Uswisi: wagonjwa waliokuwa wakimeza tembe hizo wameharibika ini, wengine wamehitaji kupandikizwa jingine. Juni 2002 Ujerumani ikafuta leseni za dawa za kava. Marekani ilitoa tahadhari mwaka huo huo bila kupiga marufuku. Uingereza ikapiga marufuku Januari 2003. Kichwa cha habari kilichozunguka dunia kilikuwa kimoja: kava inaua ini.

Tazama kilichopotea ndani ya maneno hayo matatu. Ripoti zilihusu tembe, lakini habari ikasema kava. Mkulima wa Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ambaye babu zake wamekunywa mzizi uliokamuliwa kwa maji tangu vizazi visivyohesabika akaamka akakuta mnunuzi hajibu simu. Hakuna aliyemuuliza kama mzizi aliouza ulikuwa wa aina gani, umri gani, au kama kiwandani walichanganya na maganda ya shina. Maswali hayo yana uzito. Kava ina aina nyingi, na wakulima wenyewe huzitenga: zipo zinazonywewa kila siku, na ipo inayoitwa tudei, jina la Kibislama, lugha ya Vanuatu, lenye maana ya siku mbili, kwa sababu uchovu na kichefuchefu chake humshika mtu mpaka kesho yake. Vanuatu ilitunga sheria ya kava mwaka huo huo wa 2002, ikizuia aina hizo zisiuzwe nje.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tathmini. Lilipitia visa 93. Katika 8 uhusiano wa kava na ini kuharibika ulionekana kuwa wa karibu, na katika 53 ulionekana kuwa unawezekana, huku wengi wa wagonjwa wakiwa wametumia dawa nyingine pia. Ushauri wake mmoja ulikuwa kwamba kava itayarishwe kwa maji. Mwaka 2014 mahakama ya Cologne ikasema marufuku ya Ujerumani haikuwa na msingi wa kutosha. Mwaka 2019 Ujerumani ikazifuta leseni tena. Mwaka 2020 Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kikapitisha kiwango cha kikanda cha kava kama kinywaji cha kuchanganywa na maji. Desemba 2021 Australia ikafungua biashara ya kuiingiza kama chakula, na ndivyo bakuli lile lilivyofika Brisbane kihalali.

Mlolongo huu hauna kona ya kuandika "kava ni salama" wala "kava ni sumu", na nadhani ndiyo sababu magazeti mengi hayakuufuatilia baada ya 2003. Habari ya marufuku ilisomwa na dunia nzima. Ya mahakama ilisomwa na wanasheria.

Hata neno marufuku lenyewe linahitaji kufunguliwa. Uingereza imezuia kava na imezuia miraa, na watu huzitaja kwa pumzi moja. Kava ilizuiwa kwa sheria za dawa na chakula, isiuzwe kwa matumizi ya binadamu. Miraa, Juni 2014, iliwekwa kwenye orodha ya dawa za kulevya, daraja la C, ambako hata kupatikana nayo mkononi ni kosa. Hizo ni sheria mbili zenye sababu mbili, na adhabu zake hazifanani. Mkulima wa Meru aliyepoteza soko la London hakupotezewa na ripoti za ini.

Kwetu sisi Waswahili lugha inaongeza fundo lake. Tunasema mihadarati, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni vitu vinavyotia ganzi. Kava inatia ganzi kwelikweli, miraa haitii ganzi hata kidogo, na neno linazibeba zote. Tunasema uraibu tukimaanisha utumwa wa dawa, lakini kamusi zetu bado zinahifadhi maana ya zamani: uraibu ni kile chenyewe kinachotafunwa, tambuu na popoo na chokaa yake, alichokirimiwa mgeni. Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu mwaka 1331, akiwa njiani kuja Mombasa na Kilwa, aliletewa sahani ya tambuu na popoo kwa niaba ya sultani. Heshima ya kupokelea wageni ndiyo iliyozaa neno tunaloliandika leo kwenye milango ya vituo vya kurekebishia tabia.

Na kuna unga. Kava kavu husagwa ikawa unga, hakuna namna nyingine ya kulisema hilo kwa Kiswahili. Mtangazaji anaposema "unga wa kava" mji huu haumsikii anavyokusudia. Mombasa unga ni heroini. Kila mtaa una mama aliyezika mtoto kwa unga, na neno hilo likipita redioni hayasikiki tena yanayofuata. Mimi ningeandika "mzizi uliosagwa" na kulipia neno moja zaidi.

Upande mwingine wa kosa hili uko hapa hapa nyumbani. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu, unakolimwa, wakapinga. Mahakama Kuu kule ikasimamisha amri hizo, na serikali kuu ikasema muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi. Wakati ule wote nilikuwa nasikiliza watu kwenye matatu za Likoni na kwenye baraza. Wengi waliamini muguka na miraa ni mimea miwili tofauti, mmoja mbaya na mmoja wa wazee. Ni Catha edulis yote miwili. Tofauti ni kwamba muguka ni majani machanga yanayoliwa kwa kiganja, bei yake ni ya chini, na mtoto wa shule anaimudu. Bei na urahisi ndivyo vilivyowatia wazazi uchungu, na walikuwa na haki. Lakini angalia tulipofika: vitu viwili vya mti mmoja tumevitenga, na mimea miwili isiyojuana, kava na miraa, tumeiunganisha.

Sitaki mtu amalize hapa akidhani naisafisha kava. Mnywaji wa kupindukia ngozi yake hukauka na kumenyeka kama magamba, ingawa hurudi akiacha. Kuichanganya na pombe, au kuinywa mwenye ini bovu, ni kucheza na roho. Aliyekunywa nyingi asishike usukani. Na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha uamuzi wa kuiweka ile kava iliyokolezwa kiwandani katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Shirika hilo hilo limeiweka popoo kundi la 1, la vitu ambavyo saratani yake haina shaka. Hili nililisema kwa shangazi kwa sauti ya chini, kijaluba kikiwa bado mapajani mwangu. Jani la tambuu ndilo lenye jina, "anakula tambuu", lakini mwenye hatari kubwa kinywani ni yule tusiyemtaja, popoo, na tumbaku ikiongezwa hatari inazidi. Hakuna redio iliyowahi kumshtua shangazi usiku kwa ajili ya popoo. Kilichomshtua ni mzizi wa visiwa ambavyo hajaviona, kwa kuwa uliitwa jina la kitu anachokiogopa.

Hakunijibu. Alikichukua kijaluba, akakifunga, akakaa nacho mkononi muda mrefu bila kukifungua. Kisha akaniuliza amuulize nini kijana, maana kumuuliza tu "ni salama?" alishaona hakutoshi. Tukazungumza kidogo, akashika simu, akaibonyeza, akarekodi:

"Baba, hicho ulichokunywa ni mzizi ama ni jani? Kimekamuliwa na maji ama kimetoka chupani? Kuna kingine kilichotiwa? Na wewe ulikuwa umekunywa dawa yoyote siku hiyo? Nijibu yote manne, usinijibu moja."

Jibu lilikuja alfajiri, Brisbane ikiwa ni mchana. Shangazi alinipigia akanisikilizisha. Sauti ya binamu yangu ilikuwa na kicheko ndani yake: "Mzizi, mama, nimewaona wakiukamua na maji ya bomba kwenye kitambaa. Hamna kingine. Dawa sijameza. Nilikunywa vifuu viwili, ulimi ukafa ganzi, nikalala saa tatu."

"Saa tatu ya usiku?" akaniuliza shangazi. "Huyu, aliyekuwa halali mpaka saa nane?"